Usipande boti kabla hujajua unamwendea nani: wataalamu wa macho, kwa watu wa Lamu na Malindi

Shangazi yangu alishuka basi Malindi saa saba mchana na kikapu cha ukindu, na ndani ya kikapu miwani tatu zimefungwa kwenye leso. Ya kwanza aliuziwa na mchuuzi aliyepita barazani kwake, Langoni, Lamu. Ya pili alinunua Mombasa alipokwenda arusini. Ya tatu ndiyo iliyomuuma zaidi: alipimwa kwa mashine, akalipa pesa za kofia mbili, na bado hakuweza kutunga uzi kwenye sindano. Shangazi hushona kofia za mkono, zile za vitundu, na kwenye kazi hiyo jicho likikosea kidogo safu nzima inakwenda kombo. "Mwanangu," aliniambia, "mato yangu yana ukungu, na miwani haipangusi ukungu."

Jibu alikuwa amelisema mwenyewe. Kesho yake muuguzi alimmulika kwa tochi, hata dakika haikwisha, akasema: mtoto wa jicho, yaani kioo cha ndani ya jicho kimeingia ukungu, pande zote mbili, na la kulia limekomaa. Watu watatu walikuwa wamepokea pesa zake na hakuna hata mmoja aliyewasha tochi.

Huku pwani kila anayegusa jicho huitwa daktari wa macho: muuguzi, muuza fremu, anayepima kwa ubao wa herufi, anayepasua. Aliye Nairobi akibisha mlango usio wake, atabadilisha matatu tu. Wa Lamu atakuwa ameshapanda boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen, zaidi ya kilomita 200 hadi Malindi, na akiambiwa "si hapa", kuna nyingine kama 120 hadi Mombasa. Juu yake kuna nauli ya mtu wa kumshika mkono, na pa kulala. Mwongozo huu haukutibu. Kazi yake ni kukupunguzia safari.

Hatua ya 1: Sikiliza jicho kwanza

Kabla ya kuuliza "niende kwa nani", tazama shida yenyewe ni ya aina gani. Kuna shida za leo hii, kuna shida za kutaka miwani, na kuna ugonjwa unaokwenda polepole.

Za leo hii hazingoji siku ya kliniki. Jicho kuzima ghafla, hata kama haliumi. Jicho jekundu lenye maumivu makali huku kuona kumefifia, hasa likija na kichwa kuuma na kutapika. Vimulimuli vilivyoanza ghafla na kitu kama pazia jeusi kinachofunika upande mmoja. Jicho lililochomwa na ndoana, ukuti au cheche za kuchomelea vyuma. Mtoto mchanga wa siku chache anayetoka usaha machoni. Hawa waende hospitali iliyo karibu yenye daktari, iwe mchana au usiku. Mtaalamu atatafutwa kutoka huko. Kitu kikiwa kimedunga jicho usikichomoe. Kinga kwa kikombe cha karatasi bila kukandamiza, mwende.

Chokaa nitaitaja peke yake, maana Lamu ni mji wa mawe na chokaa, na fundi anayepaka dari hutazama juu. Ukali wa chokaa si kama wa ndimu, ni wa namna ya magadi, na ukali huo haukomei juu ya jicho, hupenya ndani na kuendelea kula. Kwa hiyo usikimbilie boti. Mlaze fundi pale pale, mfumbue kope kwa vidole hata akipiga kelele, na mmiminie maji safi yaliyo karibu, ya bomba au ya chupa, kwa dakika 20 hadi 30 bila kukatiza. Geuza kope, toa chembe zilizobaki kwa kitambaa kilicholowa, osha tena. Hapo ndipo mwende hospitali, na njiani mwendelee kumwagia. Ndimu ya "kuua chokaa" msitie, wala maziwa. Anayeokoa jicho la aina hii mara nyingi ni saidia-fundi aliyekuwa na ndoo, si mtaalamu yeyote nitakayemtaja hapa chini.

Kama si dharura, fanya jaribio la sindano. Chukua kipande cha kadi ngumu, toboa katikati kwa sindano ya kushonea, tundu liwe na upana wa kama milimita moja. Simama hatua sita au saba kutoka kwenye kalenda ya ukutani, mahali penye mwanga. Funika jicho moja kwa kiganja, soma tarakimu ndogo unayoiweza. Sasa weka kadi mbele ya jicho hilo hilo, chungulia kwenye tundu, soma tena. Kama tarakimu zimekuwa safi zaidi, shida yako huenda ni ya miwani tu, na mtu wako ni optometrista, yaani mtaalamu wa kupima miwani. Kama hakuna tofauti, au pamezidi kuwa giza, kuna uwezekano kitu ndani ya jicho chenyewe kina kasoro, na huko dukani utapoteza pesa. Rudia jicho la pili. Watu wengi huishi miaka na jicho moja bovu kwa sababu hawajawahi kufunika lile zima.

Jaribio hili lina upofu wake. Presha ya macho, yaani glakoma, hula pembeni kwanza na katikati huacha salama, kwa hiyo mgonjwa wake anaweza kusoma kalenda vizuri huku anagonga milango. Aliyevuka miaka 40, na hasa mwenye mzazi au ndugu aliyepofuka kwa presha ya macho, apimwe hata kama anaona.

Hatua ya 2: Wajue kwa kazi zao, si kwa koti jeupe

Mhudumu wa afya ya jamii anayekutembelea nyumbani na muuguzi wa zahanati ndio mlango wa kwanza. Usiwadharau. Kazi yao ni kutambua, kuosha, kutoa dawa ndogo na kuandika barua. Muuguzi wa kawaida akishaongeza masomo huwa muuguzi wa macho: anapima nuru, anapima presha ya jicho, anaandaa mgonjwa wa upasuaji na kumwangalia baadaye. Aliyemmulika shangazi ni huyu.

Tabibu wa macho ndiye ambaye wengi wetu tumetibiwa naye bila kujua cheo chake. Si daktari wa digrii. Alisomea utabibu kwa diploma, akafanya kazi, kisha akarudi chuoni, kwa kawaida KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, kusomea macho peke yake. Anatibu maambukizi, anatoa chembe iliyokwama, anashughulikia kope, anatambua presha ya macho na mtoto wa jicho. Baadhi yao wameongeza mafunzo ya kupasua mtoto wa jicho, na Kenya imewategemea kwa miaka mingi, maana madaktari bingwa wengi wamekaa Nairobi na miji mikubwa. Nimesikia watu wakikataa kupasuliwa "na tabibu" wakasubiri daktari miezi na miezi, jicho likiendelea kuzima. Kwa maoni yangu hilo ni kosa. Mtoto wa jicho wa kawaida akipasuliwa na tabibu aliyesomea kazi hiyo na anayeifanya kila wiki, mimi sina wasiwasi. Swali ni je, amesomea upasuaji? Tabibu wa macho si wote wapasuaji.

Optometrista ni mtaalamu wa kuona. Amesomea chuo; Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega, kwa mfano, kina shahada yake. Huyu anapima nguvu za miwani kwa utaratibu, lenzi kwa lenzi, na aliye mzuri haishii hapo: anapima presha, anachungulia nyuma ya jicho, na akiona kitu anakuandikia barua uende mbele. Hapasui. Kama miaka 40 imepita na sasa unasogeza msahafu mbali ndipo herufi zikae sawa, au mwanao anasogea mbele ya ubao darasani, huyu ndiye wako.

Hapa ndipo penye mtego. Kwenye maduka mengi ya miwani kuna optometrista, na kwenye mengine kuna optisheni peke yake, na kwenye mengine kuna mashine na kijana aliyeonyeshwa kitufe. Optisheni ni fundi wa miwani: anasoma karatasi ya vipimo, anakata kioo, anapanga katikati ya lenzi iangukie katikati ya mboni yako, anarekebisha fremu isikuchome sikio. Ufundi wake ni wa maana. Lenzi nzuri ikikatwa milimita chache nje ya mahali pake utaumwa kichwa na kulaumu aliyekupima. Lakini kugundua ugonjwa si kazi yake. Na mashine ile unayoegemeza kidevu ukatazama kipicha mbali, yenyewe hutoa makadirio tu. Mtu akikupa miwani kwa karatasi ya mashine bila kukubadilishia lenzi hata mara moja na kuuliza "hii au hii?", kazi imefanywa nusu. Shangazi alifanyiwa nusu hiyo.

Daktari bingwa wa macho alisomea udaktari kwanza, kama miaka sita, akafanya mwaka wa mazoezi hospitalini, kisha akasoma macho peke yake miaka mitatu au minne mingine. Kwake zinakwenda glakoma ngumu, pazia la nyuma ya jicho (retina) lililobanduka, macho ya watoto, kovu la kioo cha mbele, mtoto wa jicho mwenye matatizo, na macho ya mwenye kisukari yaliyoanza kuvuja damu. Wengine tena wamebobea kwenye sehemu moja. Ukiambiwa "unahitaji daktari wa retina", maana yake hata bingwa uliyenaye anakupeleka kwa mwenzake. Hajakukimbia.

Wako wengine utakaowahitaji kwa nadra: anayetengeneza jicho bandia, na mtaalamu wa uoni hafifu anayemfundisha mtu kutumia kile kidogo kilichobaki kwa vioo vya kukuzia na mwanga. Mzazi wa mtoto asiyeona asikae naye nyumbani. Likoni, Mombasa, iko shule ya msingi ya wasioona.

Na muuza dawa je? Mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yalipotapakaa pwani, foleni zilikuwa kwenye maduka ya dawa. Mengi ya macho yale yangepona yenyewe kwa wiki moja au mbili kwa kunawa, maji baridi na kutochangia taulo. Tatizo ni chupa zilizobaki makabatini. Baadhi ya matone hayo yana dawa ya jamii ya steroidi: yanatuliza wekundu haraka, ndiyo maana watu huyapenda, lakini yakitumiwa ovyo hupandisha presha ya jicho, huleta mtoto wa jicho mapema, na kidonda cha fangasi kilichotokana na kuchomwa na jani hukifanya kuwa janga. Tone la jirani usitie. La mwaka jana pia.

Hatua ya 3: Uliza kabla ya kutoa pesa

Wengi huona haya kuuliza. Hakuna utovu wa adabu kusema: "Samahani daktari, umesomea nini kwenye macho?" Daktari husajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC, tabibu na wauguzi wana mabaraza yao. Mwenye cheti hukitundika ukutani, na asiyekitundika hukasirika ukimuuliza.

Swali la pili ndilo ninalolithamini zaidi: "Utanitazama ndani ya jicho, au utanipima miwani tu?" La tatu: "Ukikuta ugonjwa, wanipeleka wapi?" Anayejibu kwa jina la hospitali na siku anajua kazi yake. Anayejibu "hakuna shida, utavaa hii itakaa sawa" ageukiwe mgongo. Mwisho, omba karatasi ya vipimo mkononi. Umeilipia, ni yako, unaweza kutengenezea miwani popote.

Hatua ya 4: Panga njia kutoka ulipo

Walio kisiwani Lamu waanzie zahanati au waulizie kitengo cha macho Hospitali ya King Fahd. Wa Mpeketoni na Witu wana hospitali ya Mpeketoni, wa Malindi wana hospitali ya Malindi. Kesi zikipanda, Mombasa iko Coast General na kituo cha macho cha Lighthouse for Christ, na ukivuka Likoni kuelekea Diani kuna Kwale Eye Centre.

Piga simu kabla ya kukata tiketi. Uliza kliniki ya macho ni siku gani na ni nani atakayekuwepo siku hiyo: muuguzi, tabibu, au bingwa. Kama ni upasuaji, uliza unafanywa wiki hiyo hiyo au utapewa tarehe urudi. Uliza kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024: kituo kinaipokea, na kwa huduma ipi hasa? Kupimwa miwani na kupasuliwa si kitu kimoja kwenye malipo.

Barua ya rufaa isiwe "kindly see" na sahihi. Mwombe aliyekuona aandike kila jicho linaona kiasi gani, presha ilikuwa ngapi, ameona nini, na dawa gani umeshatumia. Barua kama hiyo inaweza kukuondolea siku nzima ya kupimwa upya.

Kambi za macho za bure zikija, nendeni. Watu wengi wamerudishiwa nuru huko. Ila ulizeni jambo moja: wageni wakishaondoka, nani ataangalia jicho kesho yake na wiki zinazofuata? Baada ya kupasuliwa mtoto wa jicho bandeji hufunguliwa kwa kawaida siku ya pili, na matone huendelea kwa wiki kama nne hadi sita. Jicho likianza kuuma, kuwa jekundu au kufifia ndani ya siku hizo, lazima pawepo mtu wa kukimbiliwa.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Beba miwani zako zote, hata zilizovunjika. Beba chupa za matone, dawa za presha ya damu na sukari, na kitabu cha kliniki. Na beba mtu. Ukitiwa tone la kupanua mboni ili nyuma ya jicho lionekane, kwa saa nne hadi sita karibu hapasomeki na jua la mchana linachoma. Bodaboda usiendeshe. Kwa wanaorudi visiwani nasisitiza: maji yakiwa ya kupwa, zile ngazi za chini za gati huwa na utelezi, na kuruka kutoka ubavu wa boti ukiwa na mboni zilizopanuka ni kutafuta kuvunjika nyonga. Beba kofia pana au miwani ya jua, na mwambie nahodha akushike mkono.

Hatua ya 6: Soma karatasi yako

6/6 maana yake unasoma kwa mita 6 kile mwenye macho mazuri anachosoma kwa mita 6. 6/60 ni kwamba yeye angekiona akiwa mita 60, wewe hadi usogee hadi 6. Asiyejua kusoma hupimwa kwa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, aonyeshe kwa mkono miguu yake imeelekea wapi. R ni la kulia, L la kushoto. Wengine huandika OD na OS. Alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali, ya kujumlisha ni ya kuona karibu au ya anayekaza jicho kila wakati, na "ADD" ni nyongeza ya kusomea. PD ni umbali kati ya mboni mbili kwa milimita. Ikikosekana, mwambie akupime hapo hapo.

Wasiopaswa kungoja dalili

Mwenye kisukari atazamwe nyuma ya jicho kila mwaka, awe anaona au haoni shida, na tabibu wa macho au bingwa, si kwenye ubao wa herufi dukani. Mvuvi akiota kinyama kutoka pembe ya jicho upande wa pua, hicho ni cha jua na upepo. Avae kofia na miwani ya jua, apelekwe kwa tabibu kinyama kikikaribia mboni. Na mtoto: kengeza usingoje "litanyooka akikua", na ukiona kwenye picha ya simu mboni yake moja inang'aa weupe badala ya wekundu, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo. Inaweza kuwa saratani ya jicho, na ikiwahiwa mtoto huokoka.

Shangazi alipasuliwa jicho la kulia na tabibu. Anasema alisikia maji na sauti za watu, na kabla hajamaliza kusoma alizozoea kusoma akaambiwa inuka. Kioo kidogo alichowekewa ndani kilimpa mbali: aliziona boti za Shela kutoka gatini. Cha karibu bado, na hilo ni la kawaida. La kushoto lilifuata miezi baadaye, jicho likatulia, ndipo tukaenda kwa optometrista, na yeye akamwambia atoe miwani zote za kikapuni. Akaziweka moja moja kwenye kimashine cha kusoma nguvu za kioo, akampima, akacheka. "Mama, huhitaji kununua. Hii ni plasi mbili na nusu, ndiyo yako hasa."

Ilikuwa ile ya mchuuzi wa barazani. Ile ya pesa za kofia mbili bado imo kwenye leso.